Mto Unaingia Ziwani

Mwaka 2016, nikiwa kidato cha pili, tulipeleka dagaa kwenye shindano la sayansi. Tulikuwa watatu: mimi, mvulana mmoja wa Mwanga aliyejua kuchora mabango, na msichana wa Kibirizi ambaye, kusema kweli, mradi ulikuwa wake. Mama yake alikuwa mwanikaji wa dagaa. Rafiki yangu huyo alikuwa amegeuza dagaa mchangani tangu hajaanza darasa la kwanza, na swali lake lilitoka hukohuko: kwa nini dagaa wa mchangani hukauka upande wa juu wakabaki wabichi chini, na je, wakiinuliwa hewani watakauka upesi zaidi?

Tulitengeneza kichanja kwa miti minne na kipande cha wavu mkuukuu. Tukaanika kilo mbili juu yake na kilo mbili mchangani, tukaazima mizani ya duka, tukapima kila saa tangu asubuhi hadi jua lilipoanza kuzama upande wa Kongo. Tulifanya hivyo siku tatu. Siku zote tatu dagaa wa kichanjani walitangulia kukauka. Rafiki yangu aliandika vipimo kwenye daftari la hesabu, kwa mwandiko mdogo sana, kama mtu anayehofia karatasi itakwisha.

Shindano lilikuwa dogo, la shule chache za jirani, kwenye chumba cha darasa kilichotolewa madawati. Wenzetu walileta volkano ya siki na magadi, mapafu ya maputo na taa ya betri. Jaji alipofika mezani kwetu alisogea nyuma kidogo kwa sababu ya harufu, kisha akauliza matokeo yale tumeyatoa kwenye kitabu gani.

"Tumepima wenyewe," rafiki yangu alijibu. "Halafu mama alishaniambia."

Watu wakacheka. Jaji naye akatabasamu, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaenda kwenye volkano. Volkano ndiyo iliyoshinda.

Leo nasoma shahada ya uzamili ya historia, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusoma maandishi ya watu waliopita kwenye mwambao huu. Nimekutana na meza ile mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Mara ya kwanza ilikuwa katika habari za mwaka 1858. Februari ya mwaka huo Richard Burton na John Speke walifika Ujiji, wakiwa Wazungu wa kwanza kuliona ziwa Tanganyika na kuandika habari zake. Walikuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile. Kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa kuna mto Rusizi, na hoja yote ilisimama juu ya jambo moja: maji ya Rusizi yanatoka ziwani kwenda kaskazini, au yanaingia? Yakitoka, huenda Tanganyika ndiyo mama wa Nile. Burton na Speke wakapanda mitumbwi hadi Uvira. Hawakuufikia mdomo wa mto, lakini wana wa mtawala wa hapo, watu waliokulia karibu nao, wakawaambia wazi kwamba mto unaingia ziwani.

Ilipaswa kuwa habari iliyokwisha. Haikuwa hivyo. Mabishano yalihamia London, na baadaye Burton mwenyewe, aliyeambiwa kwa masikio yake, akawa miongoni mwa waliosema huenda Rusizi inatoka. Miaka 13 ikapita. Mwishoni mwa 1871, baada ya kukutana kwao Ujiji, ambako kila mtoto wa Kigoma hupelekwa walau mara moja kuoneshwa mwembe, David Livingstone na Henry Morton Stanley walichukua mtumbwi wakapiga makasia hadi kaskazini. Wakaona kwa macho yao kwamba mto unaingia. Hapo ndipo jambo likakubalika.

Siwalaumu kwa kwenda kuangalia. Neno la kuambiwa si ushahidi, na mwanasayansi asiyehakiki ni msimuliaji tu. Ninachojiuliza ni kwa nini hakuna anayeonekana kuwauliza wale vijana wa Uvira swali fupi ambalo lingetosha kuanzia: mmejuaje? Wangeweza kueleza mkondo unavyosukuma mtumbwi, rangi ya maji wakati wa mvua, tope linavyosambaa mdomoni mwa mto. Yote hayo yanapimika. Lakini habari yao ilichukuliwa kama uvumi, na uvumi ukishapewa jina hilo unaweza kutupwa siku yoyote.

Usiku wa kuamkia shindano letu, mwalimu wetu wa kemia alitusimulia kisa cha Erasto Mpemba. Nadhani alitaka kututia moyo. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanaweka kwenye jokofu. Nafasi ya jokofuni ilikuwa ya kugombania. Siku moja mwenzake mmoja aliweka maziwa yasiyochemshwa, na Mpemba, asije akakosa nafasi, akaweka yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado yalikuwa uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akagundua kwamba wauza aiskrimu wa mjini Tanga walikuwa wakilijua jambo hilo na kulitumia kazini. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, akauliza tena, na mwalimu akamjibu kwa kejeli kwamba hiyo labda ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Jina likamganda. Akikosea hesabu, darasa zima linamrushia.

Siku moja akaja mgeni shuleni, Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Baada ya mhadhara Mpemba akasimama na kuuliza: ukiwa na maji ya nyuzi 35 na mengine ya nyuzi 100, kiasi kilekile, ukayaweka jokofuni pamoja, ya nyuzi 100 yanatangulia kuganda, kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne akamuuliza kama kweli amelifanya jambo hilo, akaahidi kulijaribu. Akarudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Mwaka 1969 makala yao, yenye majina yote mawili, ilitoka katika jarida la *Physics Education*. Wakati huo Mpemba alikuwa Chuo cha Wanyamapori Mweka. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo hilo; watafiti wa Uingereza walichapisha mwaka 2016 majaribio yaliyotilia shaka kama lipo kweli. Ubishi huo ndio heshima yenyewe, kwa kuwa swali la mtoto wa kidato cha tatu linaendelea kupimwa zaidi ya nusu karne baadaye.

Usiku ule nilichosikia ni kwamba Mpemba alishinda. Sasa nikikisoma kisa kile naona kitu kingine. Hapakuwa na kombe wala cheti. Hatua iliyobadilisha mambo ni mtu mzima mwenye maabara kuuliza "umefanya kweli?", akingoja jibu, kisha akaenda kupima. Nadhani maonesho ya sayansi, yakiwa mazuri, yanajaribu kulifanya tendo hilo litokee kwa mpango badala ya kusubiri bahati ya mgeni kupita Iringa.

Kwetu Kigoma tendo hilo lilitokea kwa njia ya ajabu zaidi, umbali wa safari ya boti kutoka Kibirizi.

Julai 1960, msichana wa Kiingereza mwenye miaka 26 alifika Kigoma akiwa na mama yake. Jane Goodall hakuwa na shahada yoyote. Alikuwa na imani ya Louis Leakey, aliyekuwa bosi wake Nairobi, na fedha za miezi sita kutoka wakfu wa Wilkie wa Marekani. Kongo ilikuwa imepata uhuru wiki mbili kabla, na mji ulikuwa umejaa Wabelgiji waliokimbia, kiasi kwamba mama na binti walijikuta wakisaidia kuandaa mikate ya nyama ya kopo kwa ajili ya wakimbizi kabla ya kuruhusiwa kwenda Gombe. Miezi michache baadaye alimwona sokwe mtu akichokoa mchwa kwa kijiti alichokitengeneza mwenyewe, na vitabu vikaanza kuandikwa upya. Mwaka 1962 Cambridge ilimpokea kwa shahada ya uzamivu bila kuwa na shahada ya kwanza.

Alipofariki Oktoba 2025, rambirambi nyingi zilirudia sehemu hiyo: msichana asiye na cheti aliyeaminiwa. Ni kweli, na inapaswa kurudiwa. Mimi naongeza tu kwamba siku za mwanzo hakupanda milima ile peke yake. Alikuwa na watu wa hapa waliozijua njia, miongoni mwao Rashidi Kikwale. Kwao hapakuwa na wakfu, na hakuna aliyewaza kuwaandikia Cambridge.

Hata hivyo, taratibu wenyeji wakaingia ndani ya sayansi yenyewe. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 wanaume wa vijiji vya jirani waliajiriwa kufuatilia sokwe, kwanza wakiwasindikiza wanafunzi wa kigeni, kisha wakiandika. Januari 1974 Hilali Matama alikuwa porini alipoona madume wa kundi la Kasakela wakimvamia Godi, dume wa kundi la Kahama lililokuwa limejitenga. Ndilo shambulio la kwanza kurekodiwa la vita vya miaka minne ambavyo dunia ya sayansi ilichukua muda kuamini kwamba sokwe wanaweza kupigana.

Halafu usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire wakawateka wanafunzi wanne, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja. Wote waliachiwa hatimaye, lakini wageni hawakuweza tena kuishi Gombe kama zamani. Utafiti ungeweza kufa wiki ile. Haukufa kwa sababu wafuatiliaji waliamka asubuhi wakaendelea kupanda milima. Mmoja anajaza jedwali la nani yuko na nani na kuchora njia kwenye ramani, mwingine anaandika masimulizi ya siku. Wengi wao walikuwa na elimu ya msingi tu. Waliandika kwa lugha waliyoijua, Kiswahili.

Nilipolijua hilo nilikaa kimya kwa muda. Moja ya kumbukumbu ndefu kuliko zote duniani kuhusu wanyama wa porini, kwa sehemu kubwa, imeandikwa kwa Kiswahili cha Kigoma. Nakala zilipelekwa Marekani, zikatafsiriwa kwa Kiingereza ili ziingizwe kwenye kompyuta, na makala nyingi zimetokana nazo. Nilipokuwa sekondari tuliambiwa Kiswahili hakiwezi sayansi, na anayekizungumza kwenye kipindi cha baiolojia alivishwa kibao shingoni. Kilomita chache kutoka hapo, watu walikuwa wakifanya baiolojia kwa Kiswahili tangu kabla wazazi wetu hawajaoana.

Hayo ndiyo yananifanya niitazame historia ya mashindano na ufadhili wa sayansi nchini kwa jicho la mtu wa ziwani. Historia yenyewe si ndefu. Mwaka 1991, nyumbani kwa Jane Goodall jijini Dar es Salaam, wanafunzi 12 wa sekondari walikutana kuzungumza juu ya mambo yaliyowasumbua katika mazingira yao; hapo zikazaliwa klabu za Roots & Shoots, ambazo baadaye zilisambaa katika nchi nyingi. Mwaka 1994 ulianza mradi wa TACARE katika vijiji vinavyoizunguka Gombe. Ulikuja na miche ya miti, na pia ufadhili wa wasichana kuendelea na sekondari. Mwaka 1998 Mradi wa Nyanza, chini ya Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona, ukaanza kuwaleta wanafunzi wa vyuo wa Marekani na Afrika kwenye kituo cha TAFIRI hapa Kigoma, kila mmoja akifanya utafiti wake mdogo wa matope, konokono, samaki au maji.

Maonesho makubwa ya sekondari yalikuja baadaye. Young Scientists Tanzania ilianzishwa mwaka 2011 na Dkt. Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry, na maonesho yake ya kwanza yakafanyika Dar es Salaam mwaka 2012. Mfano wake ni maonesho ya Ireland, yaliyoanza Dublin mwaka 1965 baada ya wanafizikia wawili kuyaona ya namna hiyo Marekani. Wanafunzi huchagua tatizo, hulichunguza kwa miezi, kisha husimama mbele ya bango lao wakihojiwa na majaji. Washindi wamekuwa wakipata ufadhili wa chuo kikuu kutoka wakfu wa Karimjee Jivanjee. Mwaka 2019 serikali ikaanzisha MAKISATU, mashindano ya sayansi, teknolojia na ubunifu yanayowakaribisha hata mafundi wasio na shule. Mwaka wa masomo 2022/2023 ukaja ufadhili wa Samia kwa waliofaulu zaidi sayansi kidato cha sita.

Ni mambo mema, na nina marafiki ambao maisha yao yamebadilishwa nayo. Lakini ukiyapanga mezani unaona tofauti. Ufadhili mwingi huhesabu kutoka juu: unamsubiri mtoto afike kidato cha sita na alama zake, kisha unamwinua. Ule wa wasichana wa vijijini ulihesabu kutoka chini, mahali ambapo mtoto anapotea. Na kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Swali lenye harufu ya dagaa lina safari ndefu hadi kufika kwa jaji anayeweza kulisikia.

Rafiki yangu alipotea hapo katikati. Kwenye shule yetu palikuwa na majengo ya maabara, matunda ya kampeni ya maabara tatu kwa kila shule ya kata, lakini moja lilikuwa stoo ya viti vibovu. Kidato cha tatu tulikaa karibu mwaka mzima bila mwalimu wa fizikia. Mwaka 2018 alimaliza kidato cha nne akiwa na F ya fizikia na F ya hisabati. Hakuna karatasi ya mtihani iliyomwuliza alichokijua. Mimi niliyeshika mizani nilifaulu, kwa masomo ya sanaa.

Nilimtembelea Kibirizi Julai 2024. Ziwa lilikuwa limefungwa tangu tarehe 15 Mei, kwa makubaliano ya nchi nne, ili samaki wapate kuzaliana hadi 15 Agosti. Mitumbwi ilikuwa imepandishwa mchangani na vichanja vyake vilikuwa vitupu. Siku hizi ana vichanja vyake mwenyewe, mlolongo mzima. Maji yalikuwa yamepanda na kumeza sehemu ya ufukwe tulipoanikia zamani. Tulikaa kivulini tukizungumzia kama kufunga ziwa kutasaidia. Nilimweleza utafiti uliochapishwa mwaka 2003, kwamba maji ya juu yanavyopata joto ndivyo yanavyochanganyika kwa shida na ya chini yenye rutuba, kwa hiyo chakula cha dagaa kinapungua hata bila mvuvi. Alisikiliza, kisha akauliza, "Wamejuaje?" Nikamweleza nilichoelewa: vipimo vya joto vya miaka mingi, na matope ya chini ya ziwa yanayohifadhi historia kwa matabaka. Akauliza matope yanapatikanaje kwenye kina kile. Sikuweza kumjibu vizuri.

Nilimwuliza kama daftari letu bado lipo. Aliingia ndani akatoka nalo. Kurasa za nyuma zilikuwa zimejaa madeni ya wateja, lakini za mbele zilikuwa bado na vipimo vyetu, saa kwa saa.

"Ona hapa," aliniambia, akaweka kidole kwenye siku ya pili, saa saba mchana. Uzito wa dagaa wa kichanjani ulikuwa umepanda kwa gramu 50 kuliko saa sita. "Dagaa hawezi kuongezeka uzito juani. Niliiona siku ileile. Nikasema jaji akiuliza, nitamweleza kwamba hapa tulikosea, na kwamba ni lazima turudie."

"Kwa nini hukusema?"

"Hakuuliza."

Tukalitazama lile daftari. Nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikisoma mizani, na kwamba mchana ule upepo wa ziwani ulikuwa mkali. Nilimwambia huenda upepo ulisukuma sinia. Alifikiri, akatikisa kichwa. Upepo ungesukuma na la mchangani pia, alisema, na namba za mchangani hazikuruka. Kisha akafunua ukurasa wa kwanza, tukaanza kuzipitia upya moja baada ya nyingine.